Mikia ya Watoto wa Nguchiro

Zamani wanyama walimpa Nguchiro uaskari, awaulie nyoka. Kazi aliiweza, lakini akirudi nyumbani, kitu chochote chembamba kikitikisika hukirukia kwa meno. Mkewe akimwambia, "Baba watoto, kaa kwanza mlangoni unieleze ya huko," yeye hujibu, "Askari halii kwa mkewe." Ushujaa huo!

Siku moja akawakuta wanawe wote wamefyata mikia. Akawacheka.

"Watoto wa shujaa mnaogopa nini? Nyoka si nimewamaliza?"

Kitinda mimba, mwenye kovu la meno mkiani, akasema, "Hatuogopi nyoka, baba. Tunaogopa utudhanie nyoka."

Nguchiro akatoka, akaketi kizingitini kama mgeni. Mkewe akamletea maji. Nguchiro akaanza mwenyewe kumweleza ya huko: swila aliyemtemea machoni, askari mwenzake aliyekata roho akiwa amemshika mkono. Alilia mpaka kamasi zikamtoka.

Alipoingia ndani, kitinda mimba alimkagua usoni, akauachia mkia wake taratibu.

Mwenye askari nyumbani amwekee kigoda mlangoni. Mimi nimemaliza, kazi kwenu.