Mapafu ya Majivuno

Mfugaji aliinamia hadubini, akakunja uso kama aliyelambishwa shubiri.

"Mbona hana pembe?"

"Baba, haya ni mapafu tu," binti yake akacheka. "Tulikata kipande cha sikio la Majivuno kabla hajafa, tukakuza seli zake, tukazifundisha kuwa mapafu."

"Huyo alikuwa hafundishiki! Mlitumia fimbo gani?"

Kisha akaviona. Vinyweleo vyembamba kuliko kope za kichanga, maelfu kwa maelfu, vikipunga vyote upande mmoja kama majani yanayopitiwa na upepo. Utani ukamkauka mdomoni. Majivuno, ng'ombe wake ambaye kwa maelezo yake aliwahi kumfukuza simba kwa kumkodolea macho tu, alizoea kugeuza shingo na kumpumulia kisogoni wakati wa kukamwa. Tangu homa ya mapafu imchukue, kisogo hicho kilikuwa baridi.

"Vitapunga mpaka lini?"

"Mpaka nitie hivi." Binti alikuwa ameshika kichupa cha vimelea vya homa ileile. "Tuone jinsi vinavyoshambulia, tujue pa kuvizuia. Lakini seli za akiba ziliharibika umeme ulipokatika. Hizi ndizo za mwisho, na ng'ombe ni wako. Ukikataa, sitii."

"Na ndama wake anayekohoa?"

"Bila hizi sina pa kuanzia, Baba."

Mfugaji hakuondoa jicho kwenye kioo.

"Tia," akasema. "Lakini taratibu, mwanangu. Hapendi kushtuliwa."