Petroli ya Lusajo

Tangu malori yote yalazimishwe kutumia ethanoli ya miwa, Lusajo hutoka Dar akafika kwake Tukuyu kwa siku tatu badala ya moja. Ethanoli ni nusu ya bei ya petroli, lakini haiendi mbali, na kila kituo kina foleni. Mkewe Atuganile, anayeugua, humpigia simu.

“Umefika wapi?”

“Bado Mikumi, mama.”

Petroli hupewa dereva anayewahi msiba wa nyumbani kwake tu, na kibali hutumwa vituoni kwa namba ya lori lake.

Leo asubuhi, msichana wa kituo aliangalia namba ya lori kwenye simu yake ya kazi, akarudisha bomba la ethanoli, akachukua la petroli.

“Kwa hii utafika leo leo, baba,” alisema bila kumtazama.

“Hapana, mwanangu, niwekee ya miwa,” Lusajo alimsihi. “Mke wangu amezoea kunisubiri.”