Sugu za Vidole

Muuza nyuzi za gita katika soko la Kadutu hakuuza ovyo. Alitaka kwanza kubonyeza ncha za vidole vya mwanafunzi, ndipo achague nyuzi.

"Mutoto iko wapi, maman?"

"Hakuja," Marcelline akasema. "Ni gita ya courant, ya umeme, ya chorale ya kanisa. Alikuwa amejifunza miezi mitatu tu, uzi moja ikakatika."

Mzee akaweka pakiti mbili mezani: nyuzi nyembamba za vidole laini, na nene za vidole vyenye sugu.

Marcelline akashika zile nene. Binti yake alikuwa akimfuata jikoni kila jioni ili mama aguse ncha za vidole vyake, zilizokuwa ngumu kama punje za mahindi makavu. Alijivunia sugu zile kuliko nguo ya Pasaka.

"Amekaa muda gani bila kupiga?" mzee akauliza.

Hilo Marcelline hakuwahi kulihesabu. Siku askari waliposimamisha gari la chorale njia ya Kavumu na kuwashusha wasichana, ambao hawakurudi tena, watu walikuwa wanapanda maharagwe. Sasa, msimu wa pili wa mwaka, walikuwa wanapanda tena.

"Miezi sita, papa."

Mzee akaitoa pakiti mkononi mwake taratibu, akamsogezea ile ya nyuzi nyembamba.

"Basi sugu zimekwisha toka. Vidole yake sasa iko kama ya mutu hajagusa gita hata siku moja."

Marcelline hakuigusa.

"Unipe zile nene," akasema. "Papa, unipe tu zile nene."