Jina Ndani ya Nta

"Andika jina langu kwenye batiki hii, kubwa, katikati," Sefu alimwamuru mkewe, Mashavu, wageni walipoanza kuingia uani. "Kwenye rangi nitachovya mwenyewe, wamwone msanii kazini."

Miaka yote anayeungua vidole ni Mashavu, anayepigiwa makofi ni Sefu. Mashavu alichota nta ya moto kwa brashi, akaandika. Nta haisomeki juu ya kitambaa cheupe mpaka rangi iingie, na Sefu hakuinama hata kutazama.

Sefu alikichovya kitambaa kwenye beseni la rangi ya buluu, kisha akakiinua juu mbele ya wageni. Rangi ikachuruzika, herufi nyeupe zikajitokeza. Mgeni mmoja akaanza kusoma kwa sauti: "Ma... sha..."

Nyuma ya kitambaa, Sefu alikuwa bado anatabasamu.