Shubiri ya Mavyaa

Jani la tatu ndilo lililomtapisha Khairiya. Alipiga magoti juu ya mawe makali ya pwani ya Vitongoji, akatapika mpaka machozi yakamtoka, kisha akacheka peke yake. Alikuwa ameupata mshubiri.

Asubuhi nzima alihangaika kichakani. Mimea ilifanana: majani marefu, manene, yenye ncha kali. La kwanza alipolivunja lilitoa nyuzi, akajua ni mkonge. La pili lilitoa maji yasiyo na ladha. Hili lilikuwa na meno ubavuni, na utomvu wake wa manjano ulinuka vibaya. Ndivyo alivyoelekezwa na mavyaa wake, Bi Mwanawema, mama wa mumewe.

"Ukishalivunja, lirambe," alimwambia. "Ukitapika, ndilo lenyewe."

Khairiya alikuwa amemdanganya kwamba anataka kumwachisha mtoto ziwa kwa kujipaka shubiri chuchuni. Kumbe lililomtoa nyumbani ni mate. Bi Mwanawema alitafuna majani ya tambuu na tumbaku tangu alfajiri hadi kulala, akitema kila pahala: ukutani, kizingitini, juu ya majivu ya jikoni. Mate mekundu, mazito, yamejaa nzi. Ulikuwa msimu wa karafuu wa mwaka hamsini na nane, na Ame, mumewe, alikuwa kambini akichuma. Hapakuwa na wa kumwambia. Juzi Khairiya alimkuta binti yake kachovya kidole ndani ya kopo alilotemea bibi yake, anakiramba. Tangu hapo chakula hakikumpita kooni. Aliapa: ama bibi huyu aache tumbaku, ama yeye arudi kwao Kengeja.

Utomvu aliuanika juu ya kigae mpaka ukakauka, akausaga, akauchanganya na tumbaku ya mavyaa wake.

Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Mwanawema alikunja tambuu yake, akatia tumbaku, akabwia. Khairiya alijifanya anapeta mchele.

Bibi alitafuna polepole. Hakukunja uso. Hakutema. Alitafuna mpaka mwisho, akameza, akajipangusa midomo kwa ncha ya kanga.

"Umetia kidogo, mwanangu," akasema. "Mie mavyaa wangu nilimtilia vijiko viwili, wala hakuacha."