Kioo Kilichoinamishwa

Tumu alikuwa akifungua skrubu za kioo ambacho marehemu mumewe alikitundika upande makusudi, ili macho ya Tumu, moja juu moja chini, yalingane na ukingo. Siku hizi milango husoma macho kwa kamera, na huwafungukia wenye macho yaliyo sawa tu. Zamani mumewe ndiye aliyemfungulia. Sasa humngoja jirani yake, Mosi.

"Shoga, umenifanya bawabu!" Mosi, aliyemfungulia leo pia, alicheka. "Daktari kasemaje?"

"Ama apandishe tundu lote la jicho, ama alipachikie kipande cha mfupa chini yake. Nichague."

"Chagua basi, ujifungulie mlango."

Mosi akaenda zake. Tumu alijitazama. Akishanyooshwa, macho yatapishana na ukingo huu, na aliyejua kuuinamisha hayupo. Skrubu ya mwisho akaiacha mpaka kesho.