Ndugu wa Tumbo Moja

Risasi ya kwanza ilimpata dereva shingoni, ya pili ikatoboa bidoni ya mawese. Zorobabel, aliyebanwa katikati ya dereva na hiyo bidoni, alilowa kote kuwili: damu kushoto, mawese kulia. Alikosa chumvi tu apelekwe mezani.

"Bote chini! Midomo mu majani!"

Walilala. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua zuri kabisa, kwenye barabara ya Butembo kwenda Beni. Wapiganaji kumi na wawili wenye mapanga walipita juu yao, wakikanyaga migongo kama watu wanaovuka kijito kwa mawe.

Walitaka telefone. Si kuziiba, hapana, hiyo ingekuja baadaye. Walitaka kuangalia picha. Bwana aliyelala mbele ya Zorobabel alikutwa na picha ya harusi, na kwenye harusi ile kulikuwa na mjomba mwenye sare ya jeshi, anakata keki. Panga lilishuka mara mbili. Mara ya tatu haikuhitajika.

Zorobabel akazipitia picha zake kichwani. Mjomba askari, hapana. Keki, hapana. Akapumua. Halafu akakumbuka picha ya profil yake, na ile pumzi ikarudi ilikotoka.

Kwenye profil alikuwa anacheka kijana mmoja, Kakule. Zorobabel hakuwahi kukutana naye. Hata Virginie wa Beni, dada ya Kakule, Zorobabel hakuwahi kumwona kwa macho. Alimjua ndani ya groupe ya WhatsApp ya wacheza dama, watu ishirini wa kutumiana hatua za kete na matusi ya kirafiki. Virginie aliwapiga wote, halafu akawaombea.

Miezi miwili nyuma, Kakule alikamatwa na wapiganaji njia ya Mangina. Siku ya tisa mwili ulipatikana katika shamba la kakao, bila kichwa. Walimtambua kwa koti. Virginie aliandika neno moja tu kwenye groupe: "Kakule." Wacheza dama hawakuweza kufika kwa sababu ya vita, basi wakafanya kilio mule mule ndani ya telefone. Kila siku mmoja alicheza na Virginie, asiachwe peke yake. Edmond wa Kamango alituma maombi ya sauti, marefu mpaka ungepika maharagi yakaiva kabla ya amina. Tamar wa Kasugho alimtania: "Lia, dada, lakini usiniachie kete. Nitajua umeniurumia." Na wote ishirini waliweka picha ya Kakule kwenye profil mpaka siku ya kumaliza kilio. Siku hiyo ilikuwa kesho. Zorobabel alikuwa anaenda kumpa Virginie mkono, kwa mara ya kwanza.

"Wewe wa mawese. Piga magoti."

Mpiganaji alichukua telefone yake, akatazama picha, akamtazama Zorobabel, akapiga mluzi. Akaipeleka kwa mkubwa wao, bwana mrefu mwenye kofia iliyofunika uso wote ikaacha macho tu. Mkubwa alikaa na ile picha muda mrefu. Kisha akaja, panga mkononi, damu ya yule wa picha ya harusi ikidondoka bado.

"Uyu ni nani yako?"

Sasa fikiri mwenyewe, ungejibu nini? Kwamba ni ndugu ya mwanamke usiyemjua, wa mchezo wa dama, ndani ya telefone? Wakati wa vita, mtu anayetembea na sura ya mtu asiyemjua ana jina lake: mpelelezi.

"Ni mudogo wangu, chef."

"Mudogo wa namna gani?"

"Wa tumbo moja. Baba moja, mama moja. Tulilala kitanda kimoja. Yeye anakojoa, mimi ndiye napigwa."

Yule wa mluzi akacheka. Zorobabel akapata moyo. Mtani akisikia kicheko kimoja, hata ukimshusha kaburini ataendelea.

"Alikuwa mutu wa namna gani?"

"Mupole, chef! Hata kuku hakuweza kuchinja. Mama alimupenda kutupita siye bote."

"Na alikufa."

"Alikufa. Nilimuzika na hii mikono yangu. Nilimunawisha uso mimi mwenyewe, nikamufunga macho."

Maneno yalikuwa yamekwisha toka alipokumbuka kwamba marehemu yule hakuwa na uso wa kunawisha.

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Chef, uyu ni muongo. Tumumalize." Mpiganaji alimshika Zorobabel nywele, akamvuta kichwa nyuma, koo likabaki wazi kama la mbuzi wa Noeli. Zorobabel aliona mbingu, safi, bila hata wingu moja la kumsaidia. Akasikia ubaridi wa panga chini ya taya. Tone la kwanza la damu yake mwenyewe lilishuka, likaungana na mawese.

"Mumuache. Muende kule kwa gari. Bote."

Walienda, wakigeuka-geuka. Mkubwa alichuchumaa, akachomeka panga lake udongoni. Kwa vidole vyekundu akafungua groupe, akasoma toka mwanzo: neno moja la Virginie, utani wa Tamar, pole za watu ishirini. Akagusa maombi ya Edmond, yakaanza kusikika pale kati ya maiti, na hakuyakata. Aliyaacha mpaka amina.

Halafu akavua ile kofia, akausogeza uso wake, ule ule wa profil, karibu na uso wa Zorobabel, auangalie vizuri, maana ndiye aliyeunawisha.

"Yaya," akauliza polepole, kama mdogo kwa kaka yake, "mama yetu alilia sana?"